Ukienda Ayutthaya na familia, ogopa saa sita mchana

Mabasi madogo ya watalii kutoka Bangkok hufika Ayutthaya kuanzia saa nne asubuhi. Watu wanashuka, wanafungua miavuli, wanapanga foleni kupiga picha kichwa cha Budha kilichokumbatiwa na mizizi ya mti, kisha wanapanda gari kwenda hekalu la pili, la tatu, la nne. Saa tisa alasiri nyuso zimewaiva, chupa za maji ni tupu, watoto wananuna, na gari linageuza kurudi Bangkok. Wameuona mji huo wa kale katika saa zake mbaya kuliko zote.

Kwa kijana wa miaka 25 huo ni uchovu tu, utaisha akioga. Kwa bibi mwenye shinikizo la damu ambaye kila asubuhi anameza kidonge kinachomfanya akojoe sana, au kwa mtoto wa miaka miwili aliyefungwa mgongoni mwa mama yake, ni habari nyingine kabisa.

Waafrika Mashariki wengi wanaokwenda Thailand hawaendi kutalii. Wapo wanaofuata nguo za jumla katika maduka ya Pratunam, Bangkok. Wapo wa biashara ya vito. Wapo wanaompeleka mgonjwa hospitali. Lakini katikati ya shughuli hizo hupatikana siku mbili za kusubiri tu, mzigo haujafungwa au majibu ya vipimo hayajatoka, na watu wanabaki hotelini wakitazama televisheni wasiyoielewa lugha yake. Ayutthaya iko kiasi cha kilomita 80 kaskazini mwa Bangkok. Kwa treni ya kawaida ni mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili, na nauli ya daraja la tatu ni ndogo kuliko bei ya soda mbili za hoteli.

Ni safari inayofaa kwa familia nzima, bibi na wajukuu pamoja, mradi ipangwe kwa kufuata jua.

Mji uliokufa Aprili 1767

Ayutthaya ulianzishwa mwaka 1350 na ukawa mji mkuu wa ufalme wa Siam, jina la zamani la Thailand, kwa miaka zaidi ya 400. Umekaa kama kisiwa, umezungukwa na mito mitatu: Chao Phraya, Lopburi na Pa Sak. Maji hayo ndiyo yaliyoupa utajiri, maana meli ziliweza kupanda kutoka baharini hadi mlangoni mwa mfalme. Wareno walifika mwaka 1511. Baada yao wakaja Waholanzi na Wafaransa, na walikuwapo pia Wachina, Wajapani na Waajemi. Kila taifa lilipewa mtaa wake, mingi ikiwa nje ya kisiwa, na hadi leo mgeni anaweza kutembelea eneo la kijiji cha Wajapani, kijiji cha Wareno na nyumba ya kumbukumbu ya Waholanzi.

Msomaji wa pwani asidhani hayo yote ni mambo ya mbali. Tomé Pires, Mreno aliyeishi Malaka mwanzoni mwa karne ya 16, aliorodhesha wafanyabiashara waliokutana katika bandari ile, na katika orodha moja wamo watu wa Kilwa na Malindi, na wamo watu wa Siam. Bahari ilikuwa moja.

Mwaka 1767, baada ya kuzingirwa kwa zaidi ya mwaka mzima, mji uliangukia mikononi mwa jeshi la Burma, nchi ambayo leo inaitwa Myanmar. Ulichomwa. Sanamu kubwa ya Budha iliyosimama ndani ya hekalu la kifalme la Wat Phra Si Sanphet, yenye urefu wa mita 16 na iliyofunikwa kwa dhahabu, iliyeyushwa. Wafalme waliofuata hawakurudi kuishi hapo. Walihamia kusini, mtoni, mahali ambapo leo ni Bangkok. Kilichobaki Ayutthaya ni matofali mekundu, minara iliyoinama, na mamia ya sanamu zisizo na vichwa. Mwaka 1991 UNESCO iliyaingiza magofu hayo katika orodha ya urithi wa dunia.

Watoto watauliza kuhusu vichwa. Ndilo swali la kwanza la kila mtoto, na wazazi wajiandae. Jibu la kweli lina sehemu mbili: vingine vilivunjwa katika vita, na vingine vilikatwa baadaye na wezi, kwa kuwa kichwa cha Budha cha jiwe kina soko kwa wanunuzi wa vitu vya kale. Mtoto wa miaka minane anaelewa hilo vizuri kabisa.

Lala usiku mmoja

Ushauri mkubwa kuliko wote ni huu: usiende na kurudi siku moja. Magofu makuu hufunguliwa saa mbili asubuhi. Anayetoka Bangkok asubuhi na watoto, hata akijitahidi, atafika jua likiwa tayari limepanda, na ataondoka kabla halijapoa. Aliyelala Ayutthaya anapata asubuhi ya saa mbili hadi saa nne, na jioni ya saa kumi hadi giza. Hizo saa chache zinatosha. Zile za katikati si za kutembea juu ya matofali.

Matofali ndiyo shida yenyewe. Katika viwanja vya magofu miti ni michache, na ukuta uliokaa juani tangu asubuhi hutema joto kwa anayepita kando yake hata kama yeye yuko kivulini. Kuanzia Machi hadi Mei, nyuzi joto 35 ni jambo la kawaida na siku nyingine hukaribia 40. Unyevu hewani unazuia jasho kukauka, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Mkazi wa Dar es Salaam anaijua hali hiyo ya Februari, lakini Februari ya Dar mtu haendi kuzunguka uwanja wa matofali saa saba mchana akiwa amebeba mtoto.

Mwenye uhuru wa kuchagua miezi achague Novemba hadi Februari, ambapo kuna nafuu. Septemba na Oktoba mito hujaa, na Ayutthaya ni mji wa mafuriko. Mwaka 2011 maji yaliingia hadi ndani ya mahekalu na viwandani, hata dunia ikapungukiwa vifaa vya kompyuta. Anayesafiri miezi hiyo aulize hali ya mto kwanza.

Asubuhi: mahekalu mawili, si sita

Chukua familia ya watu watano: baba, mama, bibi wa miaka 68, binti wa miaka tisa na mdogo wake wa miaka minne. Inatosha kwao kuanza na Wat Mahathat. Neno "wat" maana yake ni hekalu la Kibudha, na hili lilijengwa katika karne ya 14. Ndani yake kipo kile kichwa cha Budha kilichomo katika mizizi. Saa mbili na nusu hakuna foleni, na mwanga ni mzuri kwa picha.

Hapo kuna adabu ya kushika. Kwa Wathai kichwa ni sehemu tukufu ya mwili, na miguu ni ya chini kabisa. Anayepigwa picha mbele ya kichwa hicho anachuchumaa au kupiga magoti, ili kichwa chake kisizidi kile cha Budha. Kuna askari anayesimamia hilo. Hairuhusiwi kupanda juu ya kuta, wala kuweka kichwa cha mtu juu ya mabega ya sanamu isiyo na kichwa ili watu wacheke. Mila hiyo inahusu na vichwa vya watoto wa watu: ule mkono wa upendo tunaompitishia mtoto wa jirani utosini, Thailand uzuie.

Kuvuka barabara tu ni Wat Ratchaburana, na simulizi yake watoto wataipenda. Wana wawili wa mfalme waligombea kiti cha enzi, wakapigana wakiwa juu ya tembo, wakauana wote wawili. Mdogo wao wa tatu akawa mfalme, na mwaka 1424 akajenga hekalu hilo mahali walipochomewa maiti zao. Chini ya mnara kulikuwa na chumba cha siri kilichojaa dhahabu. Wezi walikigundua mwaka 1957 na kubeba walichoweza, kisha serikali ikachimba na kuokoa kilichobaki. Mgeni anaweza kupanda ngazi za mnara na kushuka kwenye chumba hicho kuona michoro iliyofifia ukutani. Ngazi ni za mwinuko mkali na chini hewa ni nzito. Baba na binti waende. Bibi mwenye magoti, na yeyote mwenye pumu au ugonjwa wa moyo, abaki chini. Hakosi kitu kikubwa, dhahabu yenyewe ataiona mchana akiwa amekaa kwenye kiyoyozi.

Saa nne imefika. Rudini.

Usafiri wa kuzunguka ni bajaji za huko, tuk-tuk, ambazo Ayutthaya zina umbo lake la pekee, pua imevimba mbele kama chura. Elewana bei kabla ya kupanda, kwa saa au kwa siku. Baiskeli za kukodi ni nyingi na ardhi ni tambarare, na gari zinakwenda kushoto kama kwetu, lakini baiskeli ni ya vijana na ni ya asubuhi. Pikipiki ya kukodi kwa mtu asiyezoea, na watoto wawili katikati bila kofia ngumu, haifai Ayutthaya kama isivyofaa Mbagala.

Mchana ni wa kivuli

Kuanzia saa tano hadi saa tisa na nusu familia iwe ndani. Makumbusho ya Taifa ya Chao Sam Phraya, yaliyofunguliwa mwaka 1961, ndiyo yanayohifadhi dhahabu ya Wat Ratchaburana: upanga wa kifalme, mapambo, na tembo mdogo wa dhahabu aliyepiga magoti, kila sehemu ya mwili wake ikiwa na vito. Jina la makumbusho ni la yule ndugu wa tatu aliyebaki hai. Angalieni siku za kufungwa kabla ya kwenda.

Hekalu lenye paa nalo linafaa saa hizo. Wihan Phra Mongkhon Bophit lina sanamu kubwa sana ya Budha ya shaba nyeusi. Baada ya moto wa 1767 paa lake lilibaki gofu kwa muda mrefu. Mwaka 1956 waziri mkuu wa Burma, U Nu, alipotembelea, alitoa fedha kusaidia kulijenga upya. Nchi iliyochoma ikachangia matofali. Hilo nalo wasimulie watoto.

Mahekalu ambamo watu bado wanasali yana masharti ya mavazi: mabega na magoti yafunikwe, viatu vivuliwe. Kwa akina mama wa huku hilo ni jepesi, kanga moja inamaliza. Kanga hiyohiyo ikiloweshwa maji na kuzungushwa shingoni inapoza mwili, na ikitandazwa juu ya mtoto ni kivuli. Bebeni mbili.

Suala la viatu linataka tahadhari kwa wenye kisukari. Ugonjwa huo ukikaa muda mrefu huua hisia za nyayo, na sakafu ya nje ya hekalu iliyopigwa na jua inaweza kumbabua mtu bila yeye kujua, akaja kuona malengelenge jioni anapooga. Kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari si jambo la kuchukulia kimzaha, ndiko wengi wanakopotezea miguu. Soksi nzito zinaruhusiwa. Azivae, na jioni mtu mwingine amkague nyayo na katikati ya vidole.

Chakula ni sehemu ya utalii wa Ayutthaya. Kinachosifiwa zaidi ni kamba wakubwa wa mtoni waliopasuliwa na kuchomwa kwenye mkaa, bei yao si ya kila siku. Kuna pia tambi za supu zinazoitwa tambi za mtumbwini, kwa sababu zamani ziliuzwa kwenye mitumbwi. Huja katika bakuli dogo sana, mtu mzima anakula hata manne. Mwislamu ajue kwamba supu hiyo mara nyingi huwa na nyama ya nguruwe, na weusi wake kwa kawaida unatokana na damu.

Lakini Ayutthaya si mahali pa Mwislamu kulala njaa. Uislamu una historia ndefu hapo. Mwanzoni mwa karne ya 17 mfanyabiashara kutoka Qom, Uajemi, Sheikh Ahmad, aliweka makazi Ayutthaya, akapanda hadi kuwa ofisa mkubwa wa mfalme na kiongozi wa kwanza wa Waislamu wa nchi ile. Kaburi lake lipo ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Rajabhat mjini hapo na linazuruwa. Misikiti ipo, na migahawa yenye alama ya halali ipo.

Kwa matumbo ya watoto kanuni ni zilezile za nyumbani: chakula cha moto kinachopikwa mbele yako, matunda unayoyamenya mwenyewe, maji ya chupa. Pakiti za ORS ziwe kwenye mkoba, si hotelini.

Jioni: boti na machweo

Saa kumi alasiri ndipo bibi anapolipwa subira yake. Boti zenye paa huzunguka kisiwa kwa kiasi cha saa mbili na kusimama kwenye mahekalu ya kando ya mto. Yeye hahitaji kutembea sana, upepo wa maji unampoza, na mji anauona kama walivyouona mabalozi wa zamani walioingia kwa njia ya mto. Ombeni jaketi la kuokolea la saizi ya mtoto kabla ya kupanda, si boti ikishaondoka. Kama hakuna la mtoto, tafuteni boti nyingine. Kwenye gati, baba atangulie, ampe bibi mkono.

Kituo kimoja ni Wat Phanan Choeng, penye Budha aliyeketi wa mita 19, aliyetengenezwa mwaka 1324, yaani miaka 26 kabla mji wenyewe kuanzishwa. Ukiingia mlangoni unaona magoti tu, mpaka uinue kichwa. Watoto wa umri wote hunyamaza hapo.

Kingine, ambacho kiwe cha mwisho, ni Wat Chaiwatthanaram, ng'ambo ya mto upande wa magharibi. Mfalme Prasat Thong alilijenga mwaka 1630, mnara mkubwa katikati na midogo kuuzunguka. Jua linapozama nyuma yake, ndipo mtu anapoelewa kwa nini watu walisafiri miezi mingi kuja kuuona mji huu. Utakuta vijana wa Kithai wamevaa mavazi ya enzi za kifalme wakipigana picha. Mtindo huo ulishika kasi baada ya tamthilia ya televisheni ya mwaka 2018 iliyohusu Ayutthaya ya karne ya 17, na maduka jirani hukodisha mavazi, hata ya watoto. Binti wa miaka tisa hatakubali kuondoka bila hayo, na hakuna sababu ya kumkatalia.

Tembo wasiende kupandwa. Katika mji huo wapo tembo waliovishwa viti na nakshi wanaobeba watalii kandokando ya magofu. Watetezi wa wanyama wanalalamikia mafunzo ya mateso wanayopewa tangu wadogo ili wakubali kupandwa, na mnyama huyo naye anasimama kwenye jua lilelile. Watoto wanaotoka nchi yenye Mikumi na Ruaha wameshamwona tembo akiwa tembo.

Joto likimshinda mtu

Dalili za mwanzo hufanana na uchovu, ndiyo maana hupuuzwa: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza, jasho jingi. Mkojo unakuwa mchache na wa rangi ya chai. Mtoto mdogo hasemi, anakuwa mkali kwanza, halafu anapoa na kusinzia. Usingizi huo wa ghafla juani usimfurahishe mzazi. Mtoto anayebebwa kwa kitambaa anapokea joto la jua na joto la mwili wa anayembeba, hivyo atolewe mara kwa mara na apewe kunywa.

Anayeona dalili hizo ampeleke mgonjwa kivulini au ndani ya duka lenye kiyoyozi, amlegeze nguo, amlowanishe maji, ampepee, na ampe ORS kidogokidogo. Nusu saa ikipita bila nafuu, hospitali.

Akianza kuongea yasiyoeleweka, akayumba, akadegedeka au akazimia, hicho ni kiharusi cha joto, na kinaua. Usimpe kitu mdomoni. Mmwagie maji mwili mzima, mpepee bila kusimama, na mtu mwingine apige 1669, namba ya dharura ya matibabu Thailand. Kupoza mwili kuanze hapohapo, kusisubiri gari. Namba ya polisi wa watalii ni 1155, nayo inafaa pale lugha inapokwama.

Wenye kutumia vidonge vya presha vinavyoongeza mkojo waongee na daktari wao kabla ya safari kuhusu joto. Wasiviache wenyewe. Insulini isiachwe ndani ya gari wala kwenye begi lililokaa juani, na katika ndege isafiri kwenye mkoba wa mkononi.

Homa ya ugenini

Ayutthaya mjini hakuna tatizo la malaria, lakini dengue ipo, na mbu wake huuma mchana. Wakazi wa Dar es Salaam wanaukumbuka ugonjwa huo tangu milipuko ya 2014 na 2019. Ambacho wengi hawajui ni kwamba aliyewahi kuugua dengue hapati kinga ya aina zake zote nne, na akiambukizwa mara ya pili na aina nyingine, hatari ya kuugua vibaya huongezeka. Mtu wa namna hiyo apake dawa ya mbu asubuhi, avae mikono mirefu. Akipata homa anywe paracetamol tu, asiguse aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki mpaka apimwe, kwa sababu dawa hizo zinaweza kuzidisha kutoka damu.

Upo upande wa pili unaosahaulika. Mtoto aliyeng'atwa na mbu wa malaria Morogoro wiki moja kabla ya safari anaweza kuanza homa akiwa Ayutthaya. Daktari wa huko, asiyekutana na malaria mjini kwake, anaweza kufikiria dengue, mafua, lolote lile, na siku zikapita. Mzazi aseme sentensi hii kabla ya kuulizwa: tunatoka Afrika, tunaomba apimwe malaria. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano siku mbili za kuchelewa zinaweza kuwa nyingi mno.

Mbwa wanaozurura kwenye magofu ni wengi na wengine ni wapole kabisa. Kichaa cha mbwa kipo Thailand. Watoto wasiwaguse wala kuwalisha. Aking'atwa au kukwaruzwa, hata kidogo, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo. Isisubiriwe mpaka kurudi nyumbani.

Kabla ya kupanda ndege

Thailand inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wasafiri wanaotoka nchi zetu, na kinakaguliwa uwanja wa ndege kabla ya dirisha la uhamiaji. Chanjo ichomwe angalau siku kumi kabla ya kuingia. Kadi ya manjano haiishi muda siku hizi, kwa hiyo aliyechanjwa zamani aitafute kabatini kabla ya kulipia upya. Dawa za kila siku zibaki katika vifungashio vyake, na zile kali, kama zenye kodeini au za usingizi, ziambatane na barua ya daktari kwa Kiingereza.

Zawadi ya kurudi nayo kutoka Ayutthaya ni roti sai mai: chapati nyembamba kama karatasi, ndani yake nyuzi za sukari laini kama zile wanazouziwa watoto Sabasaba, isipokuwa hizi zina rangi na harufu ya majani na maziwa. Wapishi wake maarufu ni Waislamu wa mji huo. Vibanda vyao vimejipanga kando ya barabara ya U Thong, na wengi wao wako mbele kabisa ya hospitali ya mji, sukari na madaktari wakitazamana. Mwenye kisukari aonje mkunjo mmoja baada ya chakula, ahesabu kuwa ndiyo wanga wake wa mlo ule. Wengine wanunue asubuhi ya kuondoka, si siku ya kufika, kwa kuwa chapati zake huharibika upesi katika joto, na watoto wataumaliza mfuko kwenye treni kabla ya Bangkok.